Moyo uliofunzwa kustahimili, na umbali wa Fizi

Mwaka 1986, katika Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, Charles Murry, Robert Jennings na Keith Reimer walichapisha jaribio lililowashangaza mabingwa wa moyo. Waliufunga mshipa mmoja unaolisha moyo wa mbwa kwa dakika tano, wakaufungua kwa dakika tano, wakarudia hivyo mara nne, kisha wakaufunga dakika 40 mfululizo. Mtu angetazamia kwamba msuli ulionyimwa damu mara nne utakufa upesi zaidi. Kumbe kwa mbwa wasiotayarishwa ilikufa takriban asilimia 29 ya eneo lililokosa damu, na kwa waliotayarishwa asilimia 7 tu. Habari hii husimuliwa mara nyingi, lakini nusu yake ya pili hupitwa haraka: mshipa ulipofungwa kwa muda wa saa tatu badala ya dakika 40, tofauti yote ilitoweka. Naamini yaliyofuata kwa karibu miaka 40, pamoja na maana yake kwa mgonjwa wa Fizi au Baraka, huku kwetu Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, yanaeleweka tu kwa anayeikumbuka nusu hiyo.

Reimer na Jennings walikuwa wamekwisha kuonyesha, mwaka 1977, kwamba msuli wa moyo haufi wote kwa pamoja. Kifo huanzia tabaka la ndani na kusogea kuelekea nje saa baada ya saa. Vile vipindi vya dakika tano vilikipunguzia kifo hicho mwendo, havikukizuia. Seli iliyoonja njaa ya oksijeni hutoa kemikali kama adenosini na bradikinini. Ujumbe wake hufika kwenye mitokondria, mahali seli inapotengenezea nguvu, na seli hiyo ikaanza kutumia akiba yake kwa uangalifu na kustahimili zaidi ule mshindo wa damu inaporudi. Kinga hii ya kwanza hudumu saa moja au mbili hivi, ikapotea. Mwaka 1993 watafiti wa Japani na wa Uingereza waligundua kwamba hurudi tena baada ya siku nzima, ikiwa dhaifu kidogo lakini ya kudumu zaidi. Kwa binadamu pia dalili zilionekana: waliopata maumivu ya kifua ya vipindi kabla ya mshtuko wa moyo, mara nyingi walitoka na jeraha dogo kuliko waliovamiwa bila onyo.

Mwaka huohuo wa 1993 Karin Przyklenk na wenzake walionyesha kwamba kuufunga mshipa mmoja wa moyo hulinda hata sehemu ya moyo inayolishwa na mshipa mwingine. Kutoka hapo wazo lilisafiri mbali: kama ujumbe wa kinga unahama, kwa nini usianzie mkononi? Mwaka 2007 Derek Hausenloy na Derek Yellon wa London waliwavalisha wagonjwa wa upasuaji wa moyo mkanda wa kupimia presha, wakaujaza hewa dakika tano na kuulegeza dakika tano, mara tatu. Troponini, protini inayovuja msuli wa moyo unapoumia, ilipungua kwa asilimia 43. Mwaka 2010 Wadenmaki walifanya vivyo hivyo ndani ya gari la wagonjwa lililokuwa njiani kwenda hospitali, na sehemu kubwa zaidi ya msuli ikaokolewa. Kifaa chenyewe kipo karibu katika kila kituo cha afya duniani, kwa hiyo furaha ya madaktari ilikuwa na msingi.

Halafu yakaja majaribio makubwa. Mwaka 2015 mawili ya upasuaji wa moyo, moja la Uingereza lenye wagonjwa zaidi ya 1,600 na jingine la Ujerumani, hayakuona faida. Mwaka 2019 wagonjwa 5,401 wa mshtuko wa moyo katika nchi nne za Ulaya walifuatiliwa kwa mwaka mmoja: waliofariki kwa moyo au kulazwa kwa moyo kushindwa walikuwa asilimia 9.4 kwa waliovaa mkanda na 8.6 kwa wasiovaa. Kwa kiharusi, China ilipata nafuu ya kiasi mwaka 2022, na Denmark mwaka uliofuata haikupata. Kwangu hili halibatilishi kazi ya Duke. Wagonjwa wale wa Ulaya walizibuliwa mshipa kwa haraka, wakapewa dawa bora. Msuli uliobaki wa kuokolewa na mkanda ulikuwa mdogo.

Hapo ndipo hoja nzito hujitokeza: basi mkanda ungefaa kwetu, tunaochelewa. Kutoka vijiji vya milimani Fizi kushuka Baraka, kisha kwenda Uvira au Bukavu kwa barabara inayogeuka tope masika, au kwa boti kwenye Ziwa Tanganyika, muda wa saa tatu ni mfupi. Hoja hii inastahili kupimwa, na jaribio la RIC-AFRICA limebuniwa kwa wagonjwa wa Kusini mwa Sahara wanaotibiwa kwa dawa ya kuyeyusha bonge la damu. Lakini wale mbwa wa saa tatu wanatuambia jambo: kuchelewesha kifo cha msuli kunafaa pale tu damu itakaporudishwa. Madaktari Wasio na Mipaka walipolazimika kuacha kazi Fizi mwishoni mwa 2020 kwa sababu ya mashambulizi, kilichopungua kilikuwa mahali pa kumfikisha mgonjwa, na hakuna mkanda unaoziba pengo hilo. Atakayesema moyo ni ugonjwa wa matajiri, huku kwetu kuna kipindupindu na risasi, ajue kwamba zaidi ya robo tatu ya vifo vya moyo na mishipa duniani hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Wala asije mtu akaona humu ruhusa ya kamba. Kwingi katika eneo letu aliyeumwa na nyoka hukazwa mguu kwa kamba mpaka afike kwa mganga, na ikipita saa mbili hivi bila damu msuli huanza kufa. Katika majaribio haya ya binadamu mkanda ulilegezwa kila baada ya dakika tano, chini ya jicho la wahudumu wa afya. Baraka inahitaji kwanza mashine ya kupima umeme wa moyo yenye mtu wa kuisoma usiku, aspirini, na dawa ya kuyeyusha bonge isiyokauka kwenye stoo. Vikishakuwepo hivyo, swali la mkanda litakuwa na mgonjwa wa kumuuliza.