Gerson Fraga: Beki wa Brazil aliyegeuka nguzo ya kiungo Msimbazi

GERSON Fraga Vieira, aliyezaliwa mwaka wa 1992, ni mwanasoka wa Brazil ambaye mashabiki wa Afrika Mashariki wanamkumbuka kwa msimu mmoja tu aliokamilisha akivalia jezi ya Simba SC ya Tanzania.

Beki huyo wa kati alilelewa na klabu ya Grêmio ya mjini Porto Alegre. Mwaka wa 2009 alikuwa nahodha wa Brazil katika Kombe la Dunia la chipukizi wasiozidi umri wa miaka 17, lililoandaliwa nchini Nigeria. Kikosini walikuwemo Neymar, Philippe Coutinho, Casemiro na kipa Alisson. Hata hivyo, vipaji hivyo havikufua dafu. Baada ya kuilaza Japan 3-2, Brazil ilichapwa 1-0 na Mexico, kisha 1-0 na Uswisi, ikafunga virago katika hatua ya makundi. Uswisi ndiyo iliyotwaa kombe.

Wenzake hao wanne walipata umaarufu barani Ulaya, lakini njia ya nahodha wao ilimpeleka India. Aliichezea Mumbai City, iliyoongoza jedwali la ligi ya huko mwaka wa 2016, kisha ATK ya mjini Kolkata msimu wa 2018/2019.

Simba ilimsajili mwaka wa 2019 pamoja na Wabrazili wengine wawili, beki Tairone Santos na mshambuliaji Wilker da Silva. Kipindi hicho pia ilimnyakua Mkenya Francis Kahata kutoka Gor Mahia. Mwanzo ulikuwa mchungu: mwezi Agosti Simba ilibanduliwa katika Klabu Bingwa Afrika na UD Songo ya Msumbiji baada ya sare ya 0-0 ugenini na 1-1 jijini Dar es Salaam.

Wenzake wawili hawakudumu, lakini Fraga alisalia. Siri yake ilikuwa kukubali kuhama. Ingawa asili yake ni ulinzi, Msimbazi alitumiwa zaidi kama kiungo mkabaji, kazi ambayo Watanzania huiita ya 'mkata umeme'. Jicho la beki lilimsaidia kusoma pasi ya mpinzani kabla haijafika.

Simba ilihifadhi taji la ligi mnamo Juni 28, 2020, likiwa la tatu mfululizo. Siku iliyobaki vinywani mwa mashabiki ni Julai 12, katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania. Simba, iliyokuwa imefungwa 1-0 na Yanga ligini mwezi Machi, iliwacharaza watani wake 4-1, na Fraga ndiye aliyefungua mlango wa mabao. Katika fainali mjini Sumbawanga, Simba iliilaza Namungo 2-1.

Mapema msimu uliofuata aliumia goti, na safari yake Msimbazi ikakatika. Mwezi Desemba klabu ilimsajili Mganda Taddeo Lwanga kuziba pengo hilo. Februari 2021 Simba iliipiga Al Ahly ya Misri 1-0, kisha ikatinga robo fainali ya Klabu Bingwa Afrika.

Fraga hakuwepo kuyashuhudia hayo uwanjani. Mtu aliyewaongoza Neymar na Casemiro alivuna mataji yake nchini Tanzania, na goti likamnyima nafasi ya kuyafuata makubwa zaidi.