Kalafati ya Tangi la Mafuta

Anayejiundia ndege ndogo hufika siku ya kufunga viungio vya tangi la mafuta: bomba la kupeleka petroli kwenye injini, bomba la kupumulia, koki ya chini ya kutolea maji yaliyotuama, na kipimo cha mafuta. Kazi hiyo tumezoea kuiita kuziba. Kuziba kwafaa kwa tundu au pancha. Hapa fundi anajaza upenyo kati ya vipande viwili vitakavyotikisika pamoja kila injini ikiwaka, na kazi ya namna hiyo watu wa pwani waliipa jina zamani: kalafati.

Chombo cha mbao kikipandishwa mchangani, fundi hukwangua maungio, akasokota pamba, akaitia mafuta, akaipigilia kati ya mbao kwa chembeu na nyundo. Chombo kikirudi majini mbao hufura na kuibana pamba. Neno lenyewe limezunguka bandari nyingi pamoja na ufundi wake. Waarabu wanalo, na Wareno humwita fundi wa kazi hii calafate.

Alumini ya tangi haifuri. Kwa hiyo kalafati ya tangi lazima iwe laini yenyewe, tena isiyoliwa na petroli, na ndiyo sababu waunda ndege hutumia polisulfidi: lahamu ya sehemu mbili, ikichanganywa hugeuka polepole kuwa mpira. Kabla ya kuipaka, bati husuguliwa likakwaruzika, kisha likafutwa kwa kiyeyusho mpaka kitambaa kitoke cheupe. Alama ya kidole chenye mafuta yatosha kuifanya isishike. Silikoni ya kawaida ya dukani, ile ya madirisha na masinki, isikaribie tangi hata kidogo: petroli huivimbisha, ikabanduka, na vipande vyake vikaishia kwenye chujio. Utepe mweupe wa mafundi bomba nao huchanika kwenye hesi, na nyuzi zake zikaingia njia ya mafuta.

Si kila kiungio kinataka kalafati, na hapa ndipo wengi hukosea. Kiungio chenye hesi iliyochongoka hupakwa lahamu kwenye hesi, ikiachwa mizunguko ya kwanza mitupu ili isisukumwe ndani. Kile cha mdomo uliopanuliwa kwa pembe ya digrii 37 hujifunga chuma kwa chuma. Hesi yake kazi yake ni kuvuta tu. Kikivuja, chunguza mdomo kama una ufa au uchafu. Kukipaka lahamu ni kuuficha ubovu.

Tangi hupimwa kwa hewa kidogo sana na povu la sabuni, maana presha kubwa hulipasua. Baadaye, petroli ya ndege aina ya 100LL hujitangaza yenyewe: imetiwa rangi ya buluu, nayo ikikauka huacha doa chini ya kiungio. Doa hilo lisingoje kesho, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hukaa sakafuni, miguuni pa rubani.

Basi polisulfidi na ibaki jina la lahamu, kiziba kiwe kile kifuniko cha tundu, na kalafati iwe kazi yenyewe pamoja na kile kinachojazwa. Kwenye daftari la matengenezo fundi ataandika: “Kiungio cha koki, tangi la kushoto: kalafati ya zamani imekwanguliwa, mpya imepakwa, haijakauka, usijaze mafuta.”