Neno "Ja" la Wafini

Mtu akiletewa chombo kigeni hupokea na jina lake, hilo halitushangazi. Lakini nani aazimaye "na"? Wafini waliazima. Lugha yao haina udugu na Kijerumani wala Kiingereza, bali pale tusemapo "na" wao husema ja, na jirani zao Waestonia vivyo hivyo. Askofu Wulfila, alipofasiri Biblia kwa Kigothi katika karne ya 4, aliandika jah kwa maana hiyo hiyo. Nakala yake ya wino wa fedha imo Uppsala tangu 1669. Wafini hawakulipata kwa Wagothi wenyewe, yaelekea, bali kwa jamaa zao wa kale wa kandokando ya Baltiki. Neno la namna hii halinunuliwi sokoni: hushika kwa watu walioishi pamoja na kusikilizana maneno mazima.

Ajabu ni kwamba wenye mali wameipoteza. Wajerumani husema und, Waingereza and, na Waswidi och, ambalo asili yake ni "pia". Wala Wafini hawakuwa na upungufu: kiungo chao -kä kingalipo katika eikä, yaani "wala", nasi hiyo "wala" twalitoa kwa Waarabu.