Vampaya na Mumiani katika Uainishaji wa Viumbe vya Michezo ya Njozi

Vampaya, kwa istilahi ya michezo ya njozi ambayo wachezaji huketi mezani, kila mmoja akijitwalia nafsi ya mhusika wake na kuyaamua matendo yake kwa hiari na kwa kurusha kete, ni maiti aliyeinuka na kudumu katika hali isiyokuwa uhai wala mauti, naye huwekwa katika jinsi ya wafu wasiolala, pamoja na mizuka na mifupa itembeayo. Ndivyo alivyopangwa tangu mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons nchini Marekani, na ndivyo alivyo hata leo; lakini hoja za kumpanga zimebadilika mara kadhaa, na zastahili kupimwa na msomaji wa Afrika Mashariki, kwa kuwa mnyonya damu wa masimulizi ya kwao hakubali hata kidogo kuingia katika jinsi hiyo.

Yasimuliwa na waliocheza na Arneson kabla ya mwaka huo kwamba mchezaji mmoja alikuwa na mhusika vampaya, aitwaye Sir Fang, ambaye nguvu zake zilizidi kiasi hata ikalazimu kubuniwa kasisi mpiganaji wa kumkabili. Na tangu hapo uwezo wa kasisi wa kuwafukuza wafu kwa alama ya dini yake ndio uliokuwa kipimo cha jinsi hiyo nzima. Katika Monster Manual, kitabu cha viumbe cha mchezo huo kilichotoka mwaka 1977, vampaya huogopa kitunguu saumu, kioo na alama takatifu, na mguso wake humpokonya aliyeguswa ngazi mbili za uzoefu, yaani matunda ya vikao vingi vya mchezo hutoweka kwa pigo moja. Tazama jinsi damu yenyewe ilivyo jambo dogo hapa: kinachomfanya vampaya kuwa vampaya ni kufa kwake, si chakula chake. Toleo la mchezo huo la mwaka 2000 lilikwenda mbali zaidi, likamfanya kuwa hali ambayo huvikwa kiumbe mwingine, hata mtu mwenye kazi na tabia zake akageuzwa mfu bila ya kupoteza ujuzi aliokuwa nao. Na toleo la mwaka 2014 likamtaja kuwa mfu mwenye kubadili umbo.

Mchezo wa Vampire: The Masquerade, uliotoka mwaka 1991, ulishika njia nyingine: uliwagawanya vampaya katika koo 13, ukawapa nasaba inayofika kwa Kaini mwana wa Adamu, na ukawapimia kiasi cha ubinadamu uliosalia nafsini mwao, ambao huweza kupungua watendapo dhuluma. Kipimo hicho cha maadili naona kina maana kubwa kuliko orodha yote ya vitunguu na vioo. Hata hivyo, mwaka 2003 wachapishaji wake walipotoa kitabu cha vampaya wa Afrika waliwaita Laibon, jina walilolitwaa kwa mwaguzi wa Wamasai, mtu wa heshima anayeombea mvua na kubariki vijana. Kumvika mzee wa namna hiyo meno ya mnyonya damu ni kosa la uainishaji, nalo ni dhuluma pia.

Ajulikanaye kwetu ni mumiani. Jina hilo lilikuwa kwanza la dawa nyeusi mithili ya utomvu, iliyoletwa pwani kutoka Uajemi na Bara Hindi, na watu wakaamini kwamba yatengenezwa kwa damu ya wanadamu. Kisha likawa la yule aitafutaye damu hiyo. E. C. Baker, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyepata kuandika habari za Wakuria wa Tarime, alichapisha makala fupi juu ya mumiani katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1946, na mwanahistoria Luise White akakusanya masimulizi ya nchi nyingi katika kitabu cha mwaka 2000. Nairobi na Kampala alitajwa kwa jina la wazimamoto, kwingine chinja-chinja au banyama. Ana gari, ana sindano na mpira wa kufyonzea, ana ndoo, ana shimo la kuwafungia mateka, na muhimu kuliko vyote ana tajiri amlipaye mshahara. Hanywi damu, huipeleka kwa aliyemtuma. Jua halimchomi, na aweza kusali safu moja na jirani zake.

Tuseme basi vijana wa Kemambo, katika wilaya ya Tarime, jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza kuzalisha mwaka 2002, wanaketi kumwandikia mumiani ukurasa wake katika kitabu cha viumbe vya mchezo. Kigezo cha chakula hakitawafaa, maana katika nchi za wafugaji, kwa Wamasai walio jirani zao, damu ya ng'ombe iliyotolewa kwa mshale shingoni na kuchanganywa na maziwa ni lishe ya halali, wala haimtoi mtu katika ubinadamu. Kigezo cha mauti hakifai pia: hata omorogi, mchawi wa Kikuria, ni mtu hai mwenye boma, mke na shamba. Mahali pake ni katika sura ya binadamu, chini ya kazi zao, na mbele ya jina lake iandikwe kazi ya ujira.

Kumpanga hivyo kuna hatari yake, nayo si ya njozi. Maadamu mumiani ni mtu kama wengine, yeyote aweza kudhaniwa kuwa ndiye. Huko kusini mwa Malawi mwaka 2017 uvumi wa wanyonya damu ulisababisha makundi kuua watu, na Umoja wa Mataifa ukaondoa watumishi wake katika wilaya za Mulanje na Phalombe. Kwa hiyo mwendesha mchezo asimpe kasisi uwezo wa kumtambua mumiani kwa kuinua alama. Ampeleke mtuhumiwa mbele ya iritongo, baraza la jamii la Wakuria, mashahidi wahojiwe hadharani, aulizwe nani aliyelipa na nani aliyepokea, na matokeo ya kete yaruhusu pia kwamba mtu huyo hana hatia.