Mazungumuzo ya Historia mbele ya Watu wa Lubumbashi

Taifa lina siku zake za ukumbusho. Tarehe 4 Januari tunawakumbuka waliouawa Léopoldville mwaka wa 1959, tarehe 17 Januari tunamukumbuka Patrice Lumumba, na tarehe 30 Juni uhuru wa mwaka wa 1960. Siku hizo wakubwa wanasimama na kuhubiri historia. Lakini muji wa Lubumbashi una siku yake nyingine, isiyohesabiwa kati ya sikukuu za taifa: ndiyo tarehe 9 Desemba. Watoto wa wafanyakazi wa zamani wa Union Minière wanaijua bila kalenda.

Wandugu wengi, mapadri na makatekista, wanatuuliza ginsi gani kuongoza mazungumuzo ya historia katika sali za parokia. Tunawajibu: anzeni na siku ile, kwani magumu yote ya kazi hii yanaonekana pamoja ndani yake.

Mwaka wa 1941 kulikuwa vita Ulaya, na mukuba wa Katanga ulitafutwa sana. Bei ya vitu ilipanda, lakini mushahara wa mweusi haukupanda pamoja nayo. Wafanyakazi wazungu walikuwa wamekwisha kuungana katika chama chao na kudai haki zao. Waafrika wakauliza: Na sisi? Basi mwezi wa Desemba waliacha kazi, na tarehe 9 walikusanyika kwenye kiwanja cha mupira, Élisabethville. Kati ya wasemaji wao alikuwako Léonard Mpoyi, kalani wa kompani. Amour Maron, guverneri wa Katanga, akafika pale, na askari walikuwako. Bunduki zikalia. Karatasi za serikali ziliandika wafu 48 na waliojeruhiwa 74. Mpoyi alikuwa kati ya wafu.

Sasa fikirini sali ya parokia imejaa watu. Musemaji anasoma hesabu ile: 48. Muzee mumoja anasimama nyuma na kusema: «Hapana, padri, baba yangu aliniambia walikuwa wengi kupita hiyo, walizikwa usiku.» Mwingine anaongeza kwamba Maron mwenyewe alimupiga Mpoyi risasi kwa mukono wake, na hivi ndivyo watu wengi wa muji wanavyosimulia hata leo. Musemaji atafanya nini?

Wako wanaomunyamazisha muzee, kwa sababu hakusoma. Wako vilevile wanaomukubalia kila neno, kwa sababu ni muzee. Sisi tunaona kwamba wote wawili wanakimbia kazi. Karatasi ya serikali iliandikwa na nani? Na watu wa upande uliokuwa na bunduki. Hiyo haiifanye kuwa uwongo, lakini inatupasha kuisoma na macho wazi. Neno la muzee nalo limetembea njia ndefu, kutoka kwa baba mpaka kwa mutoto, na mutu akipita njia ndefu anaokota vitu. Basi sherti tumuulize kwa heshima: Baba yako alikuwa pale yeye mwenyewe, ao alisikia? Alisimama upande gani? Nani mwingine alikuwa pamoja naye? Tunajua kuuliza namna hii, kwani katika mashauri ya ndoa tunawauliza mashahidi hivihivi, wala hakuna anayesema kwamba tunawadharau. Jan Vansina, katika kitabu chake juu ya mapokeo ya midomo kilichotoka mwaka wa 1961, alionyesha wanahistoria kwamba njia ya neno, kutoka kinywa mpaka kinywa, inaweza kufuatwa na kupimwa. Na mbele yake, Padri Stefano Kaoze, aliyepewa upadri mwaka wa 1917, wa kwanza wa inchi yetu katika nyakati zetu, alikuwa amekwisha kuandika mambo ya watu wake wa Marungu.

Mwisho wa swali, musemaji aseme wazi: hii ni hesabu ya serikali, hii ni hesabu ya kambi, na hii ndiyo sababu haziungane. Watu hawataudhika. Wanaoudhika ni wale wanaosikia kwamba hawakuona kitu.

Liko jambo gumu zaidi, nalo linatugusa sisi wenyewe. Siku moja ao nyingine mutu atasimama katika sali yenu na kusema mambo ya mutumbula. Munajua habari ile: kwamba wakati wa ukoloni kulikuwa watu waliowakamata Waafrika usiku kwa ajili ya wazungu, wakawanenepesha ao wakawala. Minongono ile haikuwaacha mapadri. Juu ya Monsenyeri Jean-Félix de Hemptinne, Mubenedikto aliyefika mwaka wa 1910 na kuongoza misioni ya Katanga karibu miaka hamsini, watu walisema kwamba ni mutoto wa mufalme Leopold II, kwa sababu ya ndevu zake ndefu. Na jina lake liliingia katika habari za mutumbula. Mapadri wengine wakisikia hayo wanafunga mukutano. Sisi tunasema: musifunge. Mwambieni mutu yule kwamba mambo haya hayakutokea, lakini kisha ulizeni mukutano: kwa nini watu walisadiki? Mutadumu hapo saa nzima. Watawaambia juu ya amri ya kukaa ndani usiku, juu ya mutu aliyepelekwa kazini na hakurudi, juu ya misioni na kompani na serikali zilizotembea pamoja hata mwafrika hakuweza kuzitenga. Monsenyeri yule alikuwa mutu wa elimu; mwaka wa 1926 alitoa kitabu juu ya wayeyushaji wa mukuba wa zamani, nacho kinasomwa hata leo. Lakini alikuwa karibu sana na wenye kutawala. Tukificha hilo, minongono itasema mahali petu.

Tena musifikiri kwamba muji huu ulingoja wasomi ili usimulie mambo yake. Mwaka wa 1965 André Yav aliandika historia ya muji kwa Kiswahili cha hapa, kwa ajili ya chama cha wale waliokuwa maboyi katika nyumba za wazungu. Wanachama walitaka mambo yao yajulikane: majina ya mabwana, mishahara, posho, namna muji ulivyojengwa. Ukiyasoma maandiko yale kwa macho tu, utajikwaa kila mustari. Yasome kwa sauti, na utamusikia mutu akisema. Kisha akaja Tshibumba Kanda Matulu, muchoraji aliyezaliwa muji huuhuu mwaka wa 1947. Mwaka wa 1973 na wa 1974 alichora picha karibu mia moja za historia ya inchi yote, na juu ya kila moja alizungumuza kwa Kiswahili na Johannes Fabian, mwalimu wa universite, aliyeyakamata maneno yake katika masini ya sauti. Tshibumba hakujiita muchoraji tu, alijiita mwanahistoria. Na tangu mwaka wa 2000 Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake wa Universite ya Lubumbashi walifanya kazi kubwa ya kukusanya ukumbusho wa muji, wakawaalika watu katika muze walete vitu vyao vya nyumbani na kueleza habari yake. Sahani ya posho ikawekwa mbele ya watu, na mama akasimulia.

Lakini mazungumuzo mbele ya watu si dawa kila mara. Yanaweza kuwa sumu pia, na Katanga inajua. Mwaka wa 1992 na wa 1993 watu wa asili ya Kasai, maelfu na maelfu, walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walingojea treni kwenye gare siku na siku, na wengi wakafia pale ao njiani. Siasa ya siku zile ilikuwa na sababu zake, njaa na ukosefu wa kazi vilevile. Hata hivi, maneno yaliyowasha moto katika mikutano yalikuwa maneno ya historia: nani alikuwa hapa wa kwanza, nani alikuja juu ya kula vya wengine.

Basi historia ile sherti isemwe tena, na isemwe yote. Muji ulizaliwa mwaka wa 1910, karibu na muto Lubumbashi na machimbo ya Kalukuluku ambayo wazungu waliita Étoile. Mwaka uleule reli kutoka kusini ilifika. Wafanyakazi wengi wa kwanza walitoka Rhodesia ya Kaskazini. Kisha kompani ikatafuta watu Lomami na Kasai, na katika miaka ya 1920 hata Ruanda-Urundi. Ikawapa ruhusa kukaa na wake na watoto, kwa sababu ilichoka kupoteza watu waliokwisha kujifunza kazi. Hawakujileta wenyewe wote. Wengi waliandikishwa na kusafirishwa. Na mbele ya muji kuwa muji, M'siri, aliyetawala Bunkeya mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891, alikuwa mutoto wa Munyamwezi mufanya-biashara, aliyetoka upande wa Tanzania ya leo. Leo nani anawaita Wayeke wageni? Na kwenye kiwanja cha mupira, mwaka wa 1941, risasi hazikuuliza kabila.

Juu ya Katanga kujitenga, tarehe 11 Julai 1960 mpaka Januari 1963, tutasema machache, kwani moto haujazimika. Musemaji atakuta ndani ya sali moja mutu anayeita miaka ile miaka ya heshima, na mwingine ambaye jamaa yake waliuawa ndani yake. Lumumba, Mpolo na Okito waliuawa kwetu, Shilatembo, usiku wa tarehe 17 Januari 1961, mbele ya wakubwa wa Katanga na Wabelgiji. Mwezi wa Juni 2022, sanduku lenye jino la Lumumba, lililorudishwa na Ubelgiji, lililetwa pale mbele ya kuzikwa Kinshasa. Taifa lilikuja kulia katika pori yetu. Hapo historia ya muji na historia ya taifa ni jambo moja, wala musemaji asitafute kuzitenga ili apate amani ya jioni moja.

Namna ya kufanya ni nyepesi. Semeni Kiswahili. Katika parokia moja tuliona musemaji wa elimu sana akisema kifaransa saa moja na nusu, na wamama wajane wa wafanyakazi, wenye kujua kuliko wote, wakakaa kimya kwenye banki ya mwisho. Alikeni wazee wawili wasiokubaliana, si mumoja. Andikeni miaka kwenye ubao, ili ugomvi wa tarehe uishe upesi. Kijana mumoja aandike maneno ya kila shahidi, na jina la aliyemwambia.

Na parokia za zamani zina kitu ambacho universite yenyewe inakitafuta: vitabu vya ubatizo, vya ndoa, vya wafu. Kama kitabu cha wafu cha Desemba 1941 kingali katika kabati yenu, kileteni sali. Mutu asome majina polepole, na mukutano useme ni jamaa ya nani.