Chapahati, Si Mlazo

Miongozo ya kuandika tasnifu bado inawaagiza wanafunzi waandike majina ya vitabu kwa "hati mlazo", yaani italiki. Istilahi hii nimeipinga vikaoni na nimeipinga kwa barua, na bado inachapwa mwaka hadi mwaka kana kwamba hakuna aliyenena. Kwa kuwa wenye kamati iliyoiunda istilahi hiyo hawakuona haja ya kujibu, naziweka hoja zangu mbele ya wasomaji.

Tuanze na mzizi. Mlazo umetoka kwenye laza, na laza kwenye lala. Kilicholazwa kimefika chini. Wanahisabati wetu walilizingatia hilo walipouita mstari unaokwenda sambamba na ardhi mstari mlalo. Herufi iliyolazwa, basi, ni herufi iliyoanguka chali. Ile inayoegemea upande ina neno lake la siku nyingi: mshazari. Kamati iliacha neno lililokuwapo ikaunda jingine lisilosema kweli.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, maana kuegemea si asili ya herufi hizi. Asili yake ni kalamu. Mwanzoni mwa karne ya 15, wanazuoni wa Florence, Niccolò Niccoli akiwa mbele yao, walinakili vitabu kwa mwandiko mwepesi ambao mkono hauinyanyui ovyo kalamu toka karatasini. Mwaka 1501, huko Venice, Aldus Manutius alichapa mashairi ya Virgil katika kitabu kidogo cha kushikika mkononi, chote kwa herufi zilizochongwa na Francesco Griffo kwa kuufuata mwandiko wa namna hiyo. Herufi kubwa za Griffo zilisimama wima kabisa! Miongo miwili baadaye Ludovico degli Arrighi, mwandishi wa ofisi ya Papa, alitoa kitabu cha kufundishia mwandiko huo, kisha akaugeuza kuwa chapa. Tazama umbo lenyewe: herufi ni nyembamba, a imepoteza kofia yake, f hushuka chini ya mstari, tao la n huchipuka chini kwenye shina, na serifi, vile vijistari vya ncha za herufi, badala ya kukaa kama vikanyagio, ni alama ya kalamu inapoingia na inapotoka. Yote hayo hubaki hata herufi ikisimamishwa. Chapa ya Joanna ya Eric Gill ina herufi za aina hii zinazoegemea kidogo mno, na hakuna mchapaji anayezikosea. Kinyume chake, Univers ya Adrian Frutiger ya mwaka 1957 ilizipinda tu herufi za kawaida. Hizo ndizo mshazari, na mshazari ziitwe.

Wenye mwandiko wenyewe hawakuwahi kuutaja kwa mwinamo. Waitalia husema corsivo, Wahispania cursiva, Wajerumani Kursiv, na yote yanatokana na kitenzi cha Kilatini cha kukimbia. Waingereza na Wafaransa waliitaja nchi ilikotoka. Sisi tumezilaza.

Ninachopendekeza ni chapahati. Hati ni khatt ya Kiarabu, yaani mstari unaochorwa, kisha mwandiko, kisha sanaa ya mwandiko ambayo wanakili wa misahafu wa Siyu waliitukuza. Ndiyo maana mwalimu humsifu mwanafunzi kuwa ana hati nzuri. Chapa ilitujia kutoka Bara Hindi pamoja na kazi yenyewe ya kupiga chapa. Yaunganishe maneno hayo mawili upate chapa iliyozaliwa na mwandiko: historia yote ya Florence na Venice katika silabi nne.

Nimeambiwa, tena na watu wasiosoma nilichoandika, kwamba hati siku hizi ni karatasi ya kiwanja au ya kusafiria. Je, hatimkato nayo ni karatasi ya kiwanja? Makarani wetu waliijifunza miaka mingi bila kuchanganyikiwa. Na hao hao wanaonipinga wanaandika "hati mlazo": neno la kweli walikuwa nalo mkononi, wakaliambatanisha na kivumishi cha uongo. Wengine wanashikilia italiki. Mkopo si aibu, lakini hukopa asiyekuwa nacho, na italiki haimfumbulii Mswahili chochote kuhusu umbo analoliona.

Kuhusu matumizi, machache yanatosha: chapahati ni ya majina ya vitabu, maneno ya kigeni na majina ya kisayansi ya viumbe, na ya maneno ya kutiliwa mkazo kwa kiasi. Chapahati zenye madaha, kama Zapf Chancery ya Hermann Zapf ya mwaka 1979, zinafaa kadi za harusi na vyeti, si kurasa ndefu. Ile Arrighi ya Frederic Warde ya mwaka 1925, iliyofufuliwa kutoka kwa mwandishi yule wa Papa, husomeka bila kuchosha na hadi leo huandamana na chapa ya Centaur ya Bruce Rogers.

Na kompyuta inapokosa chapahati ya kweli ikazipinda herufi za kawaida kwa nguvu, mhariri aandike pembeni: "Hii ni mshazari, tafuta chapahati." Kwa istilahi ya kamati sahihisho hilo haliwezi kuandikwa, kwa sababu zote mbili ni mlazo. Istilahi inayomnyima mhariri uwezo wa kutaja kosa haistahili kubaki katika miongozo yetu.