Kosa Kabla ya Noti Kuchapwa

Usiku wa tarehe 7 Novemba 1876, Wamarekani wakisubiri matokeo ya uchaguzi wa rais, wezi walivunja kaburi la Abraham Lincoln huko Springfield, Illinois, wakaanza kulivuta jeneza. Walitaka kuuficha mwili, kisha wadai dola 200,000 na kuachiliwa kwa mfungwa mmoja, Benjamin Boyd. Boyd alikuwa fundi wa kuchonga mabamba ya kuchapia noti. Tangu afungwe, genge lake lilikuwa limekaukiwa na noti bandia za kuaminika. Mpelelezi aliyepenyezwa kundini alitoa taarifa, njama ikavunjika.

Kumbe fundi mmoja alikuwa na thamani kiasi hicho! Noti bandia ikikamatwa, imekamatwa moja. Bamba likibaki, zitatoka nyingine maelfu. Hilo Bunge la Marekani lilikuwa limeliona mapema. Kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, noti zilitolewa na benki za majimbo, kila benki na sura yake, na waghushi walineemeka. Mwaka 1861 serikali ilianza kutoa noti zake ili kugharimia vita, nao wakazifuata. Sheria ya mwaka 1864 ikaandama vifaa: kuwa na bamba kwa nia ya kulitumia kughushi ni kosa, hata kama hakuna noti iliyochapwa. Mwaka uliofuata ikaundwa Secret Service, chini ya Wizara ya Fedha, kuwasaka waghushi. Kulinda marais kulikuja baadaye.

Mpaka hapo sheria ilikuwa na haki kabisa. Lakini iligusa pia picha za noti, na hapo ikawakumba wasiomwibia mtu. Mwaka 1886 maofisa walimwonya mchoraji William Harnett kwa sababu ya picha zake za noti, zilizochorwa kwa brashi na rangi za mafuta. Mwaka 1981 jarida la Sports Illustrated lilionyesha jaladani noti za dola 100 zikimiminika ndani ya kikapu cha mpira. Secret Service ikasema sheria imevunjwa, na wachapishaji wakaenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali haina mamlaka ya kupima kama picha ina thamani ya habari au elimu. Masharti ya rangi na vipimo yalibaki: picha isiwe ya rangi, na iwe chini ya robo tatu ya noti halisi, au zaidi ya mara moja na nusu. Rangi iliruhusiwa katika miaka ya 1990, mradi picha iwe ya upande mmoja na nyenzo zake ziharibiwe baada ya kazi.

Kisha zikaja kompyuta na skana. Mwaka 2001, sheria iliyopitishwa baada ya mashambulizi ya Septemba 11 iliongeza picha za kidijitali kwenye orodha ya mabamba, na adhabu inaweza kufika miaka 25 jela. Ila safari hii waandishi wake waliweka sharti ambalo Harnett angelihitaji: mwenye picha hiyo awe na nia ya kulaghai.